Filta Iliyokataa Kufunguka

Mtu akikwambia filta ya oili inafunguliwa kwa mkono mtupu, muulize kwanza ni mkono wa nani. Nkwabi hakuuliza. Alimsikiliza jirani yake Dieudonne, aliyewahi kuendesha malori kule Katumba, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, akaazima spana na bisibisi. Sasa alikuwa amelala chali juu ya gunia, chini ya pikapu yake, huku kile kidude chenye ukubwa wa kopo la maziwa kimeing'ang'ania injini kama kupe kwenye chuchu ya ng'ombe.

Oili chafu ilishatoka. Hiyo haikuleta ubishi. Alilegeza nati ya chini, ikamwagika kwenye beseni, nyeusi tii, mpaka tone la mwisho. Oili mpya ilikuwa pembeni kwenye galoni yake, na filta mpya ndani ya boksi lake. Kilichobaki ni kutoa ya zamani na kufunga mpya, kazi ambayo Dieudonne alisema inaisha kabla chai haijapoa. "We geuza kushoto tu," alimwambia, kisha akapanda baiskeli kwenda mazoezi ya kwaya, na akaanza kuimba hata kabla hajafika barabarani.

Basi Nkwabi akageuza kushoto. Alizungushia filta kitambaa, akageuza kushoto. Alijipaka mchanga viganjani ili visiteleze, akageuza kushoto. Alichukua nyundo na bisibisi, akaitoboa ubavuni kama alivyowahi kuona mafundi wakifanya, akaishika bisibisi kama mpini na kuisukuma kushoto kwa nguvu zake zote. Bati likachanika, oili ikamchuruzikia kiwikoni, filta haikutikisika. Kilichomvuruga akili ni kwamba kila alipokazana aliisikia kabisa inazidi kukaza. Kuna filta inayokaza ukiifungua? Au Dieudonne alimaanisha kushoto kwa gari? Gari lina kushoto kwake, na mtu aliyelala chali ana kushoto kwake, na kufikia hapo Nkwabi hakuwa na hakika hata na mkono anaoshikia tonge.

Na siku yenyewe haikuwa siku ya majaribio. Treni ya kutoka Tabora ilikuwa inamleta mama mkwe wake.

Kwa Wasukuma wa rika la Nkwabi, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani unapisha pembeni na kugeuza uso mpaka apite. Hamketi pamoja, hamli pamoja, na ukiwa na neno naye, hata kama amesimama umbali wa kurusha ndala, lazima apatikane mtu wa katikati wa kulibeba. Jina lake ndiyo kabisa, halitoki kinywani mwako. Nkwabi hakuona ugumu wowote katika haya. Ndivyo baba yake alivyoishi, na ndivyo na yeye alivyotaka kuishi. Tena alikuwa amepanga kila kitu: angeegesha pikapu nje ya stesheni, yeye abaki kwenye usukani akitazama mbele, mke wake Bernadetha ampandishe mama yake nyuma kwenye kiti kilichofungwa kwa kamba, na wote wangefika nyumbani Ilembo bila macho kugongana.

Lakini anakuja kufanya nini? Mama mkwe hafungi safari toka Bukene, akalale Tabora, akabadili treni, eti anakuja kumsalimia mkwe. Bernadetha alishasema mwenyewe juzi, na hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa mumewe, akimwita mama yake kwa Kisukuma: "Mayu anakuja kunichukua. Baki na gari lako." Tangu hapo amefunga mdomo. Anapika, anatenga chakula, anafagia uwanja, haneni. Na asubuhi hii kifurushi chake cha nguo kilikuwa kimekaa kando ya mlango, kimefungwa fundo juu ya fundo.

Kosa la Nkwabi lilikuwa kuuza ng'ombe. Waliishi Kabungu, na ng'ombe wale walihama nao tangu Usukumani, wakivuka nao mapori kwa miguu. Baada ya zile mvua kubwa za mwaka wa tisini na nane, bila kukaa na mke wake wala kumweleza neno, Nkwabi aliwapeleka mnadani akarudi na funguo mkononi. Wakahamia Ilembo, mjini Mpanda. Watu walimcheka sana: Msukuma gani huyu anayepata usingizi bila kusikia ng'ombe wakipumua? Bernadetha hakucheka. Alimwona mume wake amepatwa na wazimu wa kutaka kuitwa bosi. Na Nkwabi, badala ya kumkalisha chini amwambie ukweli, alikwenda kununua kitambaa cha kufutia kioo. Wanaume wengine bwana.

Kwa hiyo tumaini lake lilikuwa moja, la kitoto labda, lakini ndilo alilokuwa nalo. Mama mkwe alione gari likiwaka. Alione likitembea, likimbeba yeye mwenyewe toka stesheni mpaka mlangoni, ajue kwamba ng'ombe hawakupotea bure. Huenda angemwambia binti yake afungue kifurushi. Halafu jana ndiyo taa nyekundu ya oili ikaamua kuwaka, na Dieudonne akamwonya kwamba akilipeleka hata stesheni tu bila kubadili oili, ataiua injini. Afadhali treni ya Mpanda haina haraka. Nkwabi hakukumbuka siku iliyofika kabla ya mchana, na mara nyingine ilifika kesho yake. Muda alikuwa nao.

Au hana? Aliitazama filta, filta ikamtazama. Ikawa kama wanangojeana nani aanze.

Hapo ndipo ile miguu ilipokuja.

Ilikuja taratibu kutoka upande wa njia, ikasimama ubavuni mwa pikapu, karibu na tairi la mbele. Miguu mitupu, ina vumbi, na kidole cha pili kirefu kulipita dole gumba. Juu yake pindo la kanga ya njano yenye korosho za zambarau. Kanga hiyo Nkwabi aliinunua mwenyewe, doti nzima, wiki waliyohamia mjini. Na kidole hicho kirefu alikuwa amekikanyaga mara nyingi, akalaaniwa kila mara. Bernadetha alikwenda bombani kuteka maji ya mgeni kuogea. Kumbe amesharudi.

"Umerudi?" akauliza.

Kimya.

Hakushangaa. Kilikuwa kimya kile kile cha tangu juzi.

"Sawa, usiseme. Nipe tu hiyo chupa ya mafuta ya taa hapo kwenye tairi. Nataka nilipake hili shetani, labda litalegea."

Miguu ikasita. Ilirudi nyuma kidogo, ikasogea mbele, ikarudi tena, kama ya mtu anayetaka kuondoka asijue pa kwenda. Hili Nkwabi hakulielewa. Bernadetha akikasirika hasiti. Angeipiga chupa teke, au angekwenda zake jikoni, moja kati ya hayo mawili. Lakini baada ya kitambo chupa ikasukumwa pole pole chini ya gari, kwa heshima, sehemu ya kushika ikimwelekea yeye, na mkono ulioisukuma ukarudi haraka mno.

Haya sasa, mbona ananisaidia? Nkwabi akajiuliza. Kasamehe? Ananidhihaki? Au anataka gari lipone upesi limpeleke stesheni aondoke? Akashika kifuniko cha chupa na kukizungusha.

Katikati ya kuzungusha, akaganda. Akakifunga tena. Akakifungua. Akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine, kisha akaitazama filta.

Injini ilikuwa imembana. Mkono wake ulifika ubavu mmoja tu wa filta, ule wa karibu na kifua chake, na ubavu huo alipousukuma kushoto, filta yenyewe ilikuwa inazunguka kulia. Ni ubavu wa mbali uliotakiwa kwenda kushoto. Huu wa karibu ulitakiwa kwenda kulia. Asubuhi nzima, kwa kitambaa, kwa mchanga na kwa nyundo, alikuwa anaifunga.

"Mungu wangu," akasema, akaanza kucheka mpaka paji la uso likagonga chuma. "Bernadetha, umesikia? Nimeikaza mwenyewe! Toka asubuhi naikaza, halafu naitukana kwamba inakaza!"

Miguu haikucheka. Ila kile kidole kirefu kilicheza kidogo vumbini.

Kicheko kile kililegeza kitu, ingawa si filta. Nkwabi aliweka chupa pembeni, akapumzisha mikono kifuani. Uso wa mkewe haukuonekana toka pale alipolala, na wake haukuonekana pia. Akatambua kwamba kwa mara ya kwanza tangu mvua zile, ulimi wake ulikuwa mwepesi.

"Sikia," akasema. "Ukiwa unanitazama mi siwezi kusema. Ngoja niseme nikiwa huku huku chini. Unadhani nimependa gari. Sijapenda gari. Linanuka, linakula kila siku, halizai. Umemwona mtu gani wa kwetu akapenda kitu kisichozaa?"

Akaona heri aendelee kabla ujasiri haujamwisha.

"Siku ile tunatoka Kabungu unaumwa uchungu, nimekuweka kwenye keria ya baiskeli, mvua inapiga, daraja limeshachukuliwa na maji. Baiskeli ikazama kwenye tope. Nikakubeba mgongoni. Ukaniambia, Nkwabi, tafuta gari. Unakumbuka? Ulisema hivyo. Gari ningelitoa wapi? Nyuma yetu kuna zizi limejaa ng'ombe, na hakuna hata mmoja anayeweza kukufikisha hospitali. Mtoto akaja pale pale. Mimi ndiye nilimpokea kwa mikono hii. Alilia mara moja, Bernadetha. Mara moja tu, akanyamaza."

Akajifuta kiwiko kwenye gunia.

"Uliniambia tafuta gari. Basi nimelitafuta. Nilichelewa, lakini nimelitafuta. Na usidhani sijui mengine. Nimeuona udongo wa kula kwenye ncha ya kanga yako. Nakusikia asubuhi ukitapika nyuma ya nyumba. Hujaniambia, nikasema basi, akitaka ataniambia. Lakini safari hii baiskeli hupandi. Hata ikibidi nilale humu ndani ya gari mwezi mzima nikingoja, baiskeli hupandi."

Miguu ilikuwa imetulia tuli. Hata kidole hakikucheza.

"Siku moja ulilia, ukasema baba gani huyu, mwanae kafa na hajamtaja hata siku moja. Nimtajeje? Tulimpa jina la mama yako. Jina lile halitoki kinywani kwangu, unalijua hilo. Wenzangu mtoto wa namna hiyo wanamwita Mama, yanaisha. Mimi nikisema Mama naona namtaja mtu mwingine, siyo yule niliyemshika. Yeye alikuwa na jina lake. Kuna siku naendesha peke yangu, napandisha vioo vyote, halafu nalisema. Humu ndani ya gari tu. Hakuna pengine." Akafumba macho. "Nyamizi," akasema. "Nyamizi wangu."

Kitu kikaanguka chini, puu. Nkwabi akafumbua macho, akageuza shingo. Karibu na ile miguu mitupu ilikuwa imedondoka pea ya viatu vyeusi vya kike, vya ngozi, vilivyopakwa rangi vizuri. Alivitazama kwa muda mrefu. Bernadetha hakuwa na viatu vya namna ile. Hakuwahi kuwa navyo.

Kichwa kikamzunguka tena, kikatua pale pale alipoogopa. Ameazima viatu vya safari, akawaza. Amenisikiliza yote haya akiwa na viatu vya kuondokea mkononi.

"Sawa," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Kama unaondoka, utaondoka. Nisaidie hili moja tu, ili angalau nikupeleke stesheni kwa gari."

Akavuta ukanda wa tyubu ya baiskeli aliokuwa ameukata mapema, akauzungusha kwenye filta, safari hii kwa upande unaotakiwa, akaubana kwa vidole vyote. Ncha ya pili akaitupa nje, ikaangukia kwenye ile miguu. "Shika hapo. Nikisema vuta, vuta kama unamvuta ndama anayegoma."

Ncha ikalala vumbini kwa kitambo. Kisha ikainuliwa.

"Vuta!"

Tyubu ikanyooka, ikalia. Mke wake hakuwa na nguvu zile! Filta ikatoa mlio mdogo, kama jino linaloanza kulegea, na Nkwabi alikuwa anafungua kinywa aseme tena vuta, aliposikia sauti nyingine.

"Mayu!"

Ilitokea njiani, nyuma ya gari. Ilikuwa sauti ya Bernadetha, na pamoja nayo mlio wa maji yakiruka kutoka kwenye ndoo.

"Mayu, umefika saa ngapi? Si treni ni mchana? Na hapo unafanya nini?"

Nkwabi aliitazama miguu. Miguu ya Bernadetha ilikuwa hapa. Sauti ya Bernadetha ilikuwa kule. Kwa muda akaamini kwamba mafuta ya taa yamempanda kichwani. Halafu miguu mingine ikaja mbio, imevaa ndala, kidole cha pili kirefu kulipita dole gumba, na juu yake pindo la kanga ya njano yenye korosho za zambarau. Miguu minne, mapindo mawili, yamesimama bega kwa bega. Ndipo akakumbuka kwamba doti ni vipande viwili, na kwamba Bernadetha aliikata katikati, kipande akabaki nacho, kipande akakipa treni kiende Bukene kwa mama yake.

Alimwita Bernadetha. Alimtuma chupa. Alimweleza habari za kutapika. Alimwambia avute kama anavuta ndama. Na jina, Bwana wangu, jina alilitaja mara mbili, mbele ya mwenyewe! Kimya kile alichokidhani cha hasira kilikuwa cha heshima tupu. Mama wa watu hakuwa na mtu wa katikati, angejibu kwa kinywa gani? Nkwabi akajifunika uso kwa kiwiko chenye oili. Kutoka hakuwezekani. Upande huu yupo mkwe, upande ule ukuta wa nyumba, na kuchungulia tu ilikuwa dhambi juu ya dhambi. Akatamani ardhi ipasuke immeze, gunia na vyote.

Ila jambo moja halikumwingia akilini kabisa. Tyubu ilikuwa bado imenyooka. Mama mkwe alikuwa hajaiachia.

"Bernadetha," sauti ikasema. Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya kuchoka na safari, na Nkwabi hakuwahi kuisikia toka karibu hivyo. "Weka ndoo chini. Mwambie mwenye nyumba kwamba leo treni imewahi. Viatu vilinibana, nikavivua, nikaja nauliza njia."

"Mayu, si anakusikia..."

"Mwambie."

Hapo palikuwa pagumu. Bernadetha alikuwa ameapa moyoni hatasema neno na mume wake mpaka treni iondoke. Lakini neno la mama mkwe kwenda kwa mkwe lazima libebwe, na mbebaji alikuwa yeye, hakuna mwingine uwanjani. Ndala zikageuka kulielekea gari.

"Nkwabi. Mama anasema treni imewahi."

"Mwambie nimesikia," sauti ikatoka chini, imekauka. "Mwambie... mwambie sikujua."

"Anasema hakujua," Bernadetha akabeba, halafu akachoka kubeba. "Hakujua nini? Nyie! Kumetokea nini hapa?"

Tyubu ikatingishwa mara moja.

"Mwambie akaze huko aliko," mama yake akasema. "Mi navuta."

"Anasema ukaze. Yeye anavuta." Na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango umehamia dirishani.

Nkwabi akakaza. Hakujua afanye nini kingine. Tyubu ikanyooka, ikalia, na mama mkwe akavuta mara moja, taratibu, bila kuipa nafasi ya kurudi, jinsi wavutavyo watu waliokua na kamba za ng'ombe mikononi. Filta ikazunguka. Ikazunguka tena. Nkwabi akaishika ubavu wa karibu, akaisukuma kulia, ikaja bila ubishi, laini, hata akaona haya kwa matusi aliyoitukana. Akasahau tu kwamba filta ya zamani huwa imejaa oili, na kwamba hii aliitoboa mwenyewe, na kwamba uso wake ulikuwa chini yake.

Waliokuwa nje walisikia mtu akipaliwa.

"Imetoka," akasema hatimaye. "Mwambie mama imetoka."

"Mayu, anasema imetoka."

"Haya. Mwambie atoke na yeye."

"Anasema na wewe utoke."

"Siwezi. Mama yupo."

Nyayo zikaburuta vumbini. "Mwambie nimempa mgongo," mama mkwe akasema. "Naangalia ukuta wa jirani."

Nkwabi akajiburuta kwa visigino na viwiko mpaka akawa nje, akakaa kitako kwenye vumbi. Oili ilimfunika kuanzia nywele mpaka kidevu. Macho yamefungwa, yanawasha. Mtu aliyepita njiani asingejua kama ni Nkwabi au ni kinyago. Bernadetha alimtazama, akatazama huku na huku akitafuta kitambaa. Vitambaa vyote vilikuwa na oili. Hata kile cha kioo kilikuwa na oili. Akageuka, akaenda mlangoni, akainamia kifurushi chake. Mafundo aliyoyakaza alfajiri yakamgomea, akayauma kwa meno mpaka yakaachia. Akachomoa kanga ya juu kabisa, safi, akarudi akachuchumaa, akaanza kumfuta mumewe macho.

"Unaharibu kanga," Nkwabi akasema.

"Nyamaza." Neno hilo hakutumwa na mtu. Lilikuwa lake mwenyewe.

"Bernadetha," mama yake akasema, akiuambia ukuta. "Mwambie mwenye nyumba, akishafunga hiyo mpya, apumzike. Keshokutwa anirudishe stesheni. Kile kiti kimoja alichofunga nyuma kinatosha."

"Anasema keshokutwa umrudishe stesheni," Bernadetha akarudia, mkono ukiendelea kufuta. "Anasema kiti kimoja..." Akasimama hapo. Akageuka kumtazama mama yake mgongoni. "Kimoja? Mayu, si uliniandikia nijiandae? Huyu amekwambia nini?"

"Muulize."

Akamgeukia mumewe. "Ulimwambia nini?"

"Nilidhani ni wewe."

"Sijauliza ulidhani nani. Nimeuliza ulisema nini."

Nkwabi akafumbua macho. Yalikuwa yanawasha, na uso wa mkewe ulikuwa karibu sana, unamtazama, jambo ambalo siku zote lilimfunga ulimi. Akatafuta pa kujificha. Gari lilikuwa pale pale, lakini hakuwa tena chini yake. Akautazama mgongo wa mama mkwe, na kichwa chake kilichofunikwa kanga, akashindwa kujua kama anaruhusiwa.

"Mwambie aseme," mama mkwe akasema. "Jina ni langu. Nikiruhusu mimi, mwingine anayekataza ni nani?"

Bernadetha hakulibeba hilo. Alikuwa ameanza kuelewa.

"Nyamizi," Nkwabi akasema.

Mkono wenye kanga ukatulia shavuni mwake. Na kule ukutani, bila kugeuka, yule mama akavuta pumzi, akaitika.

"Abee."